Benchi Lenye Mtoto Mgongoni

Benchi langu la kazi lina miguu minne, na yote minne imezikwa ardhini. Mafundi wa zamani huku kwetu Butiama ndivyo tulivyokuwaga tunafanya, maana benchi la kuweka juu juu tu, ukilisukumia randa kwa nguvu linatembea. Unaanza kazi mlangoni kwako, unamalizia kwa jirani. Ncha za miguu nilizichoma motoni kwanza, halafu nikazipaka oili chafu ya gari, na mchwa wakaniheshimu mpaka leo. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini mchwa nawajua.

Urefu wa benchi alinipimia mke wangu, marehemu sasa. Hapo ngoja nieleze, maana asiyekuwa fundi ataona ni jambo dogo. Fundi hajipimi. Unasimama, mikono unaiachia ining'inie, unakunja ngumi, na mtu mwingine anaweka alama pale ngumi inapofikia. Hapo ndipo uso wa benchi unapokaa. Ukisema ujipime mwenyewe, lazima uiname uone alama, na ukiinama tu kipimo kimeshakimbia. Basi mke wangu akatoka jikoni na kipande cha mkaa, mimi nikasimama kwenye mhimili wa mlango, akachora. Kabla hajachora alinitazama akacheka.

"Acha kuvuta pumzi," akaniambia. "Hakuna mtu anakupiga picha."

Nikaachia pumzi, akachora, na alama ile ipo mpaka sasa. Nyumba nimeshaipiga lipu upya, lakini mhimili ule sijaugusa.

Useremala nilijifunzia Musoma, kwenye karakana moja upande wa ziwani, karibu na kule wanakoshusha samaki. Tulikuwa tunapiga randa huku harufu ya furu wanaoanikwa inaingia dirishani, mpaka leo nikinusa maranda ya mbao natafuta samaki yuko wapi. Mzee aliyetufundisha alikuwa na benchi la chini kama la kila mtu, lakini juu yake, akifika kwenye kazi ndogo ndogo, alikuwa anapandisha kitu kama sanduku lililo wazi mbele na nyuma. Meza ndogo juu ya meza kubwa. Analibana, anakatia hapo meno ya kona za droo, uso wa mbao uko karibu na kifua chake, akimaliza analishusha. Sisi vijana tulikiitaga kitu kile benchi lenye mtoto mgongoni, tukasema ni uvivu wa wazee. Siku moja akatusikia. Hakukasirika. Alisema tucheke tu, mgongo wetu nao uko njiani unakuja.

Sasa umefika.

Ni hivi. Randa inataka benchi la chini, maana unasukuma na uzito wa mwili wote. Lakini kukata meno ya droo, au kuchonga tundu kwa patasi, kunataka mbao iwe karibu na macho. Ukiwa kijana unainama tu, hata hujui kama umeinama. Mimi sasa nikiinama ili nione mstari, lazima uso ushuke mpaka pumzi yangu inapeperusha vumbi la mbao na kunirudishia machoni. Kuinuka nako, nashika benchi kama mtu anayetoka kisimani. Mwaka huu kuna mteja wa Bweri, kule wanakojenga nyumba nyingi mpya, aliniletea kazi ya fremu za madirisha. Matundu yalienda upande. Alipokuja kuchukua hakunigombeza. Alizipakia, akashukuru, na hakurudi. Mteja akikugombeza ujue bado anakutaka.

Binti yangu mkubwa yuko Bunda, ana duka la vifaa vya shule pale mjini. Ninamwitaga mama, kwa sababu ana jina la mama yangu. Alikuja kunisalimia akanikuta nimepiga magoti chini, mbao nimeibana ubavuni mwa benchi, nakata nikiwa kwenye magoti kama mtu anayeungama. Alisubiri tukala, akanawa, ndipo akasema.

"Baba, hivi vyombo vipumzike. Bunda kuna chumba."

Chumba kile nakijua. Nilikaa huko baada ya msiba wa mama yao, na nisiwe mwongo, walinitunza. Chai kwa wakati, shuka safi. Lakini nilikuwa nakaa kwenye kochi asubuhi mpaka jioni, wajukuu wanaingia, shikamoo babu, marahaba, halafu wanakaa kutazama televisheni, na mimi naitazama pia ingawa sijui wale watu wanagombania nini. Kochi lenyewe limetengenezwa vibaya. Nilikuwa naligusagusa kwa chini, nahesabu misumari mahali ambapo ulimi wa mbao ungepaswa kuingia kwenye tundu lake. Nikawa nasema moyoni, mzee, hapa na wewe umekuwa fanicha.

Basi nikamwambia siendi. Akasema sikulazimishi, lakini sitaki nije siku moja nikukute umeanguka kwenye msumeno. Tukavutana, mpaka akatoa neno lake. Ana moyo wa biashara yule, hata na baba yake anapatana kama dukani. Alisema mtama ukishavunwa atakuja na gari. Akikuta nimetengeneza droo moja, moja tu, kwa mkono wangu, isiyochekwa na mtu, gari litarudi tupu. Akikuta hakuna, napanda mimi na vyombo vyangu. Nikakubali. Mtama ulikuwa umeshaanza kuinamisha vichwa.

Hapo ndipo nikamkumbuka yule mzee wa Musoma na mtoto wake wa mgongoni.

Mbao zilikuwepo. Nilikuwa na vipande vya mvule vilivyobaki nilipotengeneza mlango wa kanisa, vimekaa darini miaka na miaka, vimekauka mpaka ukivigonga vinalia kama chungu. Kilichokosekana ni kipimo. Benchi la juu halipimwi kwa ngumi, linapimwa kwa kiwiko. Unakunja mkono kama mtu anayekata, uso wa mbao unakaa kiganja kimoja chini ya kiwiko. Na kama nilivyosema, fundi hajipimi.

Nikaenda kwa jirani yangu, mzee mwenzangu, mfugaji, anakaa ng'ambo ya kijito. Nikamkuta anamfunga ndama. Nikamwambia nimekuja unipime.

"Nikupime nini?"

"Kutoka chini mpaka kwenye kiwiko."

Akamwachia ndama. Akaniangalia toka juu mpaka chini. "Wewe miaka yote unapima watu wamelala," akasema. "Leo unataka upimwe umesimama, halafu mimi ndiye nishike futi?"

Ni kweli, majeneza mengi ya huku nimeyatengeneza mimi, na kwetu mtu mzima hapimwi ovyo. Hata nikipita na futi mfukoni kuna akina mama wanaofunika watoto kwa kanga. Nikamwambia ni benchi tu, si jambo lingine.

"Ukifa wiki hii, ukoo wenu watanila mimi."

"Watakula nini na wewe umebaki mifupa?"

"Hiyo hiyo mifupa naitaka," akasema, akarudi kwa ndama wake. Tulikunywa togwa, tukaongea habari za mvua, nikarudi bila kipimo.

Sasa mtu atauliza, nyumbani kwako hakuna mtu? Yupo. Yupo mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa mwisho. Mume wake anachimba dhahabu Buhemba, anakuja anapokuja. Tunaishi kwenye boma moja, nyumba yangu, nyumba yao, na jiko katikati. Lakini kwetu mkamwana na baba mkwe wana mpaka. Haingii nyumbani kwangu, mimi siingii jikoni kwake. Hatushikani mikono. Tukikutana njiani mmoja anapisha mbali. Chakula changu anakiweka kwenye kigoda katikati ya uwanja, anakohoa kidogo ili nijue, anaondoka, ndipo mimi naenda kuchukua. Salamu anaitoa akiwa ameangalia pembeni. Ni heshima, na mimi sina ugomvi nayo, ndivyo mke wangu naye alivyoishi na baba yangu. Ila mke wangu alipokuwa hai yeye ndiye alikuwa daraja. Neno la jikoni lilinifikia kupitia kwake, na langu likaenda hivyo hivyo. Alipoondoka daraja likavunjika, tukabaki kila mtu na ng'ambo yake. Kuna siku zinapita sijasikia sauti ya mtu ikiniambia kitu zaidi ya kile kikohozi.

Kwa hiyo mkamwana nisingeweza kumwambia njoo usimame ubavuni kwangu na mkaa. Hata wazo lenyewe ni aibu.

Nikajipima mwenyewe. Nilijiona mjanja sana. Nilipaka masizi kwenye kiwiko, nikasimama kwenye mhimili ule ule wa mlango, mgongo nimeuegemeza vizuri, nikakunja mkono, nikagusisha kiwiko kwenye mti. Alama ikabaki, nikashuka kiganja kimoja. Hakuna kuinama, hakuna kuchungulia. Nikasema kumbe shida ni akili tu.

Nikaanza kazi ya kibenchi. Mbavu mbili za mvule, mbao moja pana ya juu, na chini nikaweka ulimi wa kuingia kwenye ukingo wa benchi kubwa ili kisiteleze. Viungo vyote vya ulimi na tundu, bila msumari hata mmoja. Nikafungua jiliwa la zamani, lile la kubania mbao, nikalihamishia mbele yake. Kazi yote hiyo niliifanyia juu ya benchi la chini, nikiinama na kupiga magoti, kwa hiyo kile kitu cha kuokoa mgongo kilikaribia kuumaliza mgongo wenyewe. Kuna siku nilifanya kiungo kimoja tu nikaenda kulala na jua bado liko juu. Huko shambani mtama ulikuwa unaendelea kukauka, hausubiri mzee.

Siku nilipokipandisha nilikuwa na furaha ya kitoto. Nikakibana, nikaweka mbao ya droo, nikachora meno, nikashika msumeno. Nikakata. Jino la kwanza likaenda upande. La pili nalo hivyo hivyo. Mabega yalikuwa yamepanda mpaka masikioni, kama nakata mbao iliyoko darini. Nikabadili mbao, nikaanza upya, ikawa vile vile.

Na hapa naomba unielewe. Sikufikiri kibenchi ndicho kilichokosewa. Kilikuwa kizuri, kimesimama sawa, nimekipima kwa akili zangu zote. Nilifikiri ni mimi niliyekwisha. Nilisema basi, binti yangu ameona kweli, mkono umekufa na mimi ndiye wa mwisho kupewa taarifa ya msiba. Nikachukua gunia. Nikaanza kuingiza vyombo, patasi kwanza nimezifunga kwenye kitambaa, halafu misumeno. Randa ile aliyonipa mzee wa Musoma nikaishika muda kidogo, nikaitia nayo.

Mkamwana alikuwa mlangoni kwa jiko anapepeta mtama wa mwanzo. Nilikuwa nasikia ungo, sha, sha, sha. Ukanyamaza.

"Baba."

Nikageuka. Alikuwa ameangalia ukutani, ungo uko mapajani.

"Naam, mama."

Akaokota punje zilizomwagika, nikadhani amebadili nia.

"Unisamehe kama ni kukosa adabu. Siku ile unajipima, hukusimama vile unavyosimamaga."

Nikamuuliza nasimamaje.

"Ukiwa kwenye kazi, bega la kulia linashuka. Na magoti unayakunja kidogo, hili la kushoto zaidi. Siku ile ulisimama umenyooka kama mtu anayesubiri picha."

Nikashika ukingo wa benchi. Neno lile alilisema mke wangu pale pale kwenye mhimili ule, na mkamwana huyu wakati ule alikuwa hajazaliwa.

Kumbe nilikuwa nimempima mtu niliyekuwaga zamani. Ukimsimamisha mzee kwenye mhimili na kumwambia anapimwa, ananyooka, hata kama hakuna anayemtazama. Anakusanya mifupa yake yote anaipandisha. Lakini kwenye kazi hanyooki, anasahau. Na nilikuwa sijui kwamba kuna mtu kule jikoni ananijua ninavyosimama nikiwa nimesahau. Miaka yote hiyo nilikuwa nadhani uwanja ule hauna macho.

Nikamuuliza sasa tufanyeje. Hakusogea. Alisema nishike msumeno nisimame karibu na mhimili, nikate hewa kama vile kuna mbao, na mkono wa kushoto nishike mkaa kwenye mti. Yeye atasema mkaa ukifika usawa wa kiwiko.

Nikafanya. Kama kuna mtu alipita njiani siku ile alimwona mzee anakata hewa mlangoni kwake, na mwanamke ameshika ungo anamwelekeza kwa mbali. Atakuwa alienda kusimulia.

"Shusha," akasema.

Nikashusha.

"Umeangalia mkaa, baba. Usiuangalie. Kata tu."

Nikakata. Nikatazama mbele, kule kwenye mtama, nikakata mpaka kweli nikasahau, nikaanza kuwaza kama mvua itawahi kabla hatujavuna.

"Shusha. Bado. Bado kidogo. Hapo."

Nikakandamiza mkaa. Nilipogeuka kusema asante, ungo ulikuwa umeshaanza tena, sha, sha, na uso wake uko kwenye mtama.

Kati ya alama ya masizi na alama mpya kulikuwa na upana wa vidole vinne vyangu. Vidole vinne ndivyo nilivyojidanganya. Nikatoa vyombo kwenye gunia. Nikazikata mbavu za kibenchi kwa chini, nikachonga tena ule ulimi wake, vipande vilivyokatwa nikavitupa upande wa jiko bila kufikiri. Nikakipandisha. Nikaweka mbao, nikachora, nikakata, na msumeno ukashuka kwenye mstari kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani.

Sitaki kusema droo ile ilikuwa ya ajabu. Nilivyokuwa na nguvu nimetengeneza bora zaidi. Lakini meno yaliumana, na ukiitikisa hailii.

Binti yangu alikuja na gari la kukodi, tena ameleta na mifuko mitupu ya kuwekea nguo zangu, anajiandaaga mapema kwa kila kitu. Mtama ulikuwa umejaa ghalani. Hakukaa kwanza. Alienda moja kwa moja kwenye benchi, akaichukua droo, akaigeuza, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kona zote nne akitafuta pengo. Kupitisha ukucha nilimfundisha mimi, akiwa mdogo anacheza na maranda hapo chini ya miguu yangu.

"Hii ni ya mwaka huu?"

"Vumbi lake bado umelikanyaga."

Akaangalia chini. Akakiangalia kibenchi, akakisukuma, hakikuteleza. Akauliza nani amenipimia. Nikamwambia nimepimiwa na jikoni. Hakuelewa, au alielewa, akatazama kule jiko liliko na kutikisa kichwa.

"Haya mzee," akasema. "Ila droo naondoka nayo. Gari la kukodi halirudi tupu."

Tulikula pamoja, akaenda jikoni wakaongea na wifi yake, nikasikia wanacheka, sijui walikuwa wananicheka mimi. Jua lilipoanza kupoa akapanda gari, droo ameiweka mapajani kama mtoto. Akaniambia nisikate bila kuvaa miwani. Nikasimama njiani mpaka vumbi la gari likatulia.

Na unajua, siku zote zile nilikuwa natafuta kushinda tu. Nilikuwa sijawaza kwamba nikishinda, anayeondoka ni yeye. Uwanja ulirudi kuwa mpana. Nikasogea kwenye benchi, nikashika randa, nikaiweka. Hakukuwa na kazi ya mtu yeyote ya kufanya. Nikafagia maranda ambayo nilikuwa nimeshayafagia asubuhi.

Halafu nikasikia harufu. Mvule ukiungua una harufu yake, huwezi kuichanganya na kuni za porini. Nikatazama, moshi unatoka jikoni. Mkamwana alikuwa ameokota vile vipande vya vidole vinne, amevitia chini ya chungu. Mvule wa mlango wa kanisa. Ningekuwa bado fundi kijana ningeenda kugomba. Nilikaa kwenye gogo langu nikaunusa moshi mpaka ugali ukaiva.

Akatoka, akaweka sahani kwenye kigoda katikati ya uwanja. Akakohoa. Nikamngoja aingie ndani, ndipo nikaenda kuchukua, bega limeshuka, magoti yamekunjika kidogo, sikujinyoosha.